Neno "interest" linapokukwamisha kwenye karatasi: dalili, vyanzo na la kufanya

Neno hili huingia nyumbani kwetu kwa njia ya karatasi. Liko kwenye mkataba wa mkopo, kwenye hati ya kiwanja, kwenye fomu ya kazini, kwenye tangazo la zabuni na kwenye CV ya kijana aliyemaliza chuo juzi. Kote linaandikwa kwa herufi zilezile nane, na karibu kila mahali lina maana nyingine. Kazi yangu ni kuchapa na kutafsiri nyaraka kwenye duka la steshenari, na matatizo yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia mezani. Nimeyapanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na ukaguzi mwepesi, na ukifika palipoandikwa "simama hapo", simama kweli.

## Ukaguzi wa kwanza kwa dalili zote: tazama majirani

Usilikodolee macho neno lenyewe. Tazama lililo kulia kwake na lililo kushoto.

Likifuatwa na "on", au likikaa karibu na asilimia, "rate", "accrued" au "per annum", hapo ni pesa: riba. Likifuatwa na "in", angalia kinachokuja baadaye. Kikiwa mali, kama ardhi, nyumba, hisa au kampuni, basi ni haki au fungu la mtu katika mali hiyo. Kikiwa jambo, kama kilimo, mpira au nafasi ya kazi, basi ni hamu. Likikaa katikati ya "in the" na "of", linasema "kwa maslahi ya" au "kwa ajili ya". Na likiwa na "s" mwishoni, karibu kamwe si riba. Ni maslahi, au ni mambo ambayo mtu anayapenda.

Asili yake ni Kilatini, kitenzi chenye maana ya kuwa katikati ya jambo, kuhusika. Ulaya ya zama za kati Kanisa lilikataza kutoza riba, lakini wanasheria waliruhusu mkopeshaji aliyecheleweshewa fedha zake alipwe fidia, na fidia hiyo ndiyo iliyobeba jina hili. Uingereza mwaka 1545, enzi za Mfalme Henry wa Nane, sheria ikaruhusu itozwe hadi asilimia 10 kwa mwaka. Ndiyo maana neno moja limebeba fedha, mali na moyo kwa pamoja: kote humo kuna mtu anayehusika.

## Dalili: marejesho ni makubwa kuliko asilimia niliyotajiwa

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, na inauma kuliko zote kwa sababu wengi huja wakiwa wameshasaini.

Chanzo cha kwanza, na ndicho cha kawaida zaidi: mwezi umesomwa kama mwaka. Karatasi imeandikwa "Interest: 3% p.m." na mtu akaona tatu tu. Hiyo "p.m." haina uhusiano na saa za jioni, ni kwa mwezi. Tatu kwa mwezi ni 36 kwa mwaka. "p.a." ndiyo kwa mwaka. Kama baada ya asilimia hakuna chochote, uliza, na jibu liandikwe kwa kalamu kwenye karatasi hiyohiyo kabla hujaweka saini.

Chanzo cha pili ni namna riba inavyokokotolewa. Hapa inabidi tukae kidogo.

Tuseme umekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 18 kwa mwaka. Afisa mikopo wa kwanza anatumia "flat rate", ambayo mitaani tunaiita flati: riba inakokotolewa kwenye mkopo wote, kana kwamba hadi mwezi wa mwisho hujarudisha hata senti. Riba ni 216,000, jumla ya kulipa 1,416,000, rejesho 118,000 kila mwezi. Afisa wa pili anatumia "reducing balance": riba inakokotolewa kwenye salio lililobaki tu. Rejesho ni kama 110,016 kwa mwezi, na riba ya mwaka mzima inafika takriban 120,200. Asilimia ni ileile 18 kwenye karatasi zote mbili, lakini tofauti inakaribia shilingi 96,000.

Ukitaka kulinganisha vitu vinavyofanana, ile flati ya asilimia 18 ni sawa na karibu asilimia 32 kwa mwaka kwa hesabu ya salio linalopungua. Hakuna aliyekudanganya kwa maneno; umetajiwa namba moja tu ya hesabu yenye namba mbili.

Namna ya kugundua bila kuwa mhasibu: omba ratiba ya marejesho, ile jedwali yenye safu za tarehe, deni la msingi, riba na salio. Nenda kwenye safu ya riba, ishuke kwa kidole. Katika mfano wetu, mwezi wa kwanza mikopo yote miwili inaonyesha 18,000, kwa hiyo mstari wa kwanza haukusaidii. Mwezi wa pili ndipo siri inapotoka. Wa flati bado unasema 18,000. Wa salio linalopungua umeshuka hadi 16,620. Mwezi wa 12 flati inadai 18,000 zilezile, wakati mwenzake amefika kama 1,600. Safu isiyotikisika toka juu hadi chini ni flati.

Chanzo cha tatu ni ada zilizokaa nje ya neno "interest". Ada ya kushughulikia mkopo, bima ya mkopo, ada ya fomu. Unaomba 1,200,000, mkononi inaingia 1,140,000, na riba inakokotolewa kwenye ile kubwa. Mikopo ya simu imezoesha watu hili. M-Shwari ilipozinduliwa Kenya mwaka 2012, gharama yake ya asilimia 7.5 kwa siku 30 iliitwa ada ya uwezeshaji. Kwa jina haikuwa riba, ila ukiizidisha kwa miezi 12 unapata 90 kwa mwaka. Kwa hiyo tangazo linaloahidi mkopo "interest free" halijakuambia kwamba mkopo ni bure. Limekuambia tu kwamba gharama imepewa jina lingine, au imeingizwa kwenye bei ya bidhaa.

Chanzo cha nne hutokea mara chache zaidi: riba ni ya kuelea, "floating", ikifuata kiwango cha msingi, na kiwango kimepanda baada ya kusaini. Hapo mkataba utakuwa na maneno kama "base rate plus" na asilimia ya kuongeza.

Dawa ya vyanzo vyote vinne ni hesabu moja. Jumlisha marejesho yote uliyopangiwa. Toa fedha iliyoingia mkononi, ile hasa uliyoihesabu, siyo iliyoandikwa kwenye fomu. Kinachobaki ndicho gharama ya mkopo, kiitwe riba, ada au huduma.

Simama hapo: kama fomu ina nafasi zilizoachwa wazi na unaambiwa "saini tu, tutajaza", kama mkopeshaji anataka ashike kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, au kama hana leseni. Hiyo ndiyo mikopo ya kausha damu, na hesabu niliyoonyesha hapo juu haisaidii kwa mtu asiyefuata karatasi yake mwenyewe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Angalia orodha ya wenye leseni kwanza. Kenya, wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu kwa kanuni za 2022.

## Dalili: nalipa, lakini deni haliteremki

Mara nyingi chanzo ni mpangilio wa malipo. Mikataba mingi inasema fedha yako itaanza kufuta faini, kisha riba, na mwisho ndipo ifike kwenye deni la msingi. Ukichelewa mara chache, unalipa kila mwezi na deni la msingi linakutazama tu.

Kisha kuna "default interest" au "penal interest", riba ya adhabu inayoongezwa juu ya ile ya kawaida pindi unapochelewa. Na kuna neno la kuogopwa kuliko yote kwenye mikataba, "capitalised": riba ambayo hujalipa inaongezwa kwenye deni la msingi, kuanzia hapo nayo inazaa riba. Riba juu ya riba.

Omba taarifa ya mkopo, siyo kauli ya mdomo wala ujumbe wa simu, na utafute maneno hayo matatu. Kama kuna malipo yako ambayo hayaonekani, andika barua kwenye dawati la malalamiko la taasisi yenyewe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Huko ndiko pa kuanzia kabla ya kwenda ngazi ya juu. Benki Kuu itakuuliza kama ulianzia hapo.

Wakopaji wa Kenya wana ngao ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki kinaweka kikomo kwa mikopo chechefu, yaani iliyoacha kulipwa kama ilivyopangwa: riba haitakiwi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku mkopo ulipogeuka kuwa chechefu. Kama siku hiyo msingi ulikuwa 300,000, riba inaishia kwenye 300,000 nyingine, mbali na gharama za kufuatilia deni. Niliwahi kuona mtu akiduwaa aliposikia hili. Alikuwa akidaiwa zaidi ya mara tatu.

Simama hapo: siku notisi ya kuuza dhamana inapofika. Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mkopaji aliyeweka ardhi rehani apewe kwanza notisi ya muda usiopungua miezi 3 ya kurekebisha kosa, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza. Muda huo ni wa kumtafuta wakili. Usiutumie kumbembeleza dalali.

## Dalili: nimeweka akiba, riba imeingia pungufu

Hapa kuna vyanzo viwili na vyote havina madhara. "Per annum" imesahauliwa: ukiweka 1,000,000 kwa miezi 3 kwa asilimia 8 kwa mwaka, unapata 20,000, siyo 80,000. Na kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye riba kabla haijakufikia, imeshakatwa: asilimia 10 Tanzania, 15 Kenya kwa mkazi. Kwa hiyo Mtanzania huyo anaona 18,000. Ukivunja akaunti ya muda maalumu kabla ya siku yake, "interest" hupotea yote au sehemu. Hilo limeandikwa kwenye fomu uliyosaini.

Kwa Waislamu wanaojiepusha na riba, tatizo huwa kinyume: fedha imeingia wakati hawaitaki. Uliza kama akaunti yako ni ya kawaida au ni ya utaratibu wa Kiislamu. Amana Bank ilianza Tanzania mwaka 2011, na Gulf African Bank Kenya mwaka 2008. Zipo pia benki za kawaida zenye madirisha ya Kiislamu. Kwenye nyaraka zao utaona "profit" mahali pa "interest". Katika murabaha, kwa mfano, benki inanunua bidhaa na kukuuzia kwa bei iliyotajwa pamoja na faida. Kama karatasi inasema "profit" juu na "interest" chini, irudishe waisahihishe.

## Dalili: barua inasema nina "interest" kwenye nyumba, na mimi sijakopa

Mama mmoja alileta nakala ya barua ya wakili, kidole kimeganda kwenye mstari wa "your interest in the matrimonial home".

"Mwanangu, mimi sijakopa kwa mtu. Hii riba ya nyumba imetoka wapi?"

"Mama, hapo hudaiwi. Hapo unatambuliwa."

Chanzo cha kawaida ndicho hicho, kusoma riba mahali penye haki. Na kwa Tanzania mstari huo una uzito mkubwa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanandoa mwenye nyumba ya familia hawezi kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani wakati ndoa ipo bila ridhaa ya mwenzake. Na huyo mwenzake, hata kama jina lake haliko kwenye hati, anahesabiwa kuwa na "interest" inayoweza kulindwa kwa kuweka zuio kwa msajili. Sheria yenyewe imetumia neno hilihili. Mwanamke anayelitafsiri kuwa deni anaweza kuikimbia karatasi ambayo ingemlinda.

Chanzo cha pili kinamhusu mnunuzi. Muuzaji ana haki kweli, ila ndogo kuliko anavyojinadi. Mrithi mmoja kati ya watano ana fungu tu. Mwenye ukodishaji anauza miaka iliyobaki. Na kuna "life interest", haki ya kutumia mali kwa maisha ya mtu. Katika Sheria ya Urithi ya Kenya, mjane aliyeachwa na watoto, kama marehemu hakuacha wosia, anapata haki ya namna hiyo kwenye sehemu kubwa ya mirathi. Anaishi humo na kuitumia, lakini hawezi kuiuza kama mali yake binafsi. Ukinunua kwake bila kufuata taratibu, watoto watakuja.

Chanzo cha tatu hakionekani kabisa kwenye hati. Kenya inaziita "overriding interests", na ziko kwenye kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012: amana za kimila (ardhi iliyo kwa jina la mmoja kwa niaba ya familia au ukoo), haki za njia na maji, upangaji usiozidi miaka 2, miongoni mwa nyingine. Zinafungamana na ardhi hata kama msajili hajaziandika popote.

Ukaguzi: fanya upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, au kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, kwa maeneo ya Kenya yaliyoingizwa humo. Kisha nenda kiwanjani kwa miguu. Upekuzi unakuonyesha rehani na zuio. Hautakuonyesha kijia kilichokanyagwa hadi kikang'aa katikati ya shamba, makaburi nyuma ya migomba, wala mpangaji anayechungulia dirishani. Salimia majirani, uliza ni nani hupita pale.

Simama hapo: usitoe hata kishika uchumba kabla wakili hajasoma ni "interest" ipi hasa inauzwa. Akikuharakisha muuzaji, mwache aharakishe mwingine.

## Dalili: fomu ya kazini inataka ni-"declare interest", nimejaza "kusoma na mpira"

Kosa hili linachekesha hadi siku linapoitwa kuficha. Fomu hii hutolewa kwa wajumbe wa bodi, kamati za manunuzi, viongozi wa ushirika na saccos, na swali lake ni moja: kati ya mambo yatakayojadiliwa, kuna lolote litakalokunufaisha wewe au mtu wako? Kampuni ya shemeji inayoomba tenda, kiwanja chako kinachopakana na mradi, hisa zako kwa mzabuni. Huo ndio mgongano wa maslahi. Viongozi wa umma Tanzania wanabanwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Kenya ibara ya 75 ya Katiba inawataka maofisa wa serikali waepuke mgongano kati ya maslahi binafsi na wajibu wa umma.

Kujaza "Nil" kwa mazoea ni kubaya kuliko kujaza mpira, kwa sababu mpira unaonyesha hukuelewa. Ukiwa na shaka kama shemeji anahesabika, mwandike. Ukishamwandika, toka nje jambo hilo linapojadiliwa, na uhakikishe muhtasari unasema ulitoka.

Simama hapo: kama kikao kimeshafanyika na hukutamka, usiirekebishe fomu ya zamani kwa kalamu. Zungumza na katibu au mwanasheria wa taasisi.

## Dalili: barua za maombi ya kazi hazijibiwi

Siahidi kwamba neno moja ndilo lililokunyima kazi, lakini mistari hii naiona kila wiki.

"I am interesting in this job." Hapo umeandika kwamba wewe ni mtu wa kuvutia. Andika "I am interested in this job". Kitu ndicho "interesting". Mtu anayekipenda ndiye "interested". "I have interest of working" na "interest for working" vyote viende. Baada ya neno hili weka "in": "an interest in working with farmers". "I have interested" haina kazi popote.

Sehemu ya chini ya CV, yenye kichwa "Interests", haiulizi maslahi yako wala mshahara. Inauliza unachokipenda nje ya kazi. "Watching movies, making friends" haidhuru wala haisaidii. Aliyeandika "coaching an under-15 girls' football team in Temeke" amempa msomaji kitu cha kumuulizia kwenye usaili. Kama huna cha maana, iondoe sehemu hiyo, hakuna atakayeitafuta.

## Dalili: tumeomba tenda, hatukupewa fomu ya bei

Tangazo lilikuwa la "expression of interest", kuonyesha nia. Ni hatua ya kuchuja, hasa kwa kazi za ushauri wa kitaalamu: mnunuzi anataka kujua mko nani, mmefanya kazi gani, mna wataalamu gani. Bei huja baadaye, kwa watakaopita. Kupachika bei humo ni kupoteza karatasi. Chanzo kingine, kwa Tanzania, ni kutuma kwa barua pepe jambo ambalo linatakiwa kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali. Soma tena ukurasa wa kwanza wa tangazo.

## Dalili: bima imekataa kulipa kwa "lack of insurable interest"

Maana yake ni kwamba kitu kilipoharibika wewe hukupata hasara inayotambulika kisheria. Gari uliliuza mwaka jana, bima ikaendelea kwa jina lako. Au umelikatia bima gari la kaka yako kwa mapenzi tu. Hamisha umiliki na bima kwa pamoja, siku ileile.

## Dalili: hukumu inalitumia neno hili kila ukurasa, kila mara tofauti

Ndivyo ilivyo, na hapa kipimo cha majirani kinafanya kazi kuliko popote.

"Plus costs and interest" mwishoni mwa hukumu ni riba. Tanzania, kanuni za mwenendo wa madai zinaweka riba ya deni la hukumu kuwa asilimia 7 kwa mwaka kuanzia siku ya hukumu, isipokuwa kama pande mbili zilikubaliana kwa maandishi kiwango kingine kisichozidi 12. Usiidharau, kesi ikilala miaka, hiyo saba inajumlika.

"Interested party" kwenye kesi za kikatiba za Kenya si mtu mwenye udadisi. Kanuni za 2013 zinamtambua kuwa ni mtu mwenye jambo linaloguswa na kesi ingawa hakuifungua wala hakushtakiwa. Ukiitwa hivyo, kesi inakuhusu.

"Disinterested" hugeuzwa kuwa "asiyejali". Shahidi au mwamuzi wa namna hiyo ni asiye na maslahi upande wowote, yaani ndiye unayemtaka. Asiyejali ni "uninterested".

"The best interests of the child" ni maslahi bora ya mtoto: ibara ya 3 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya. Wazazi wanaogombea malezi hudhani hapo panazungumzwa matumizi ya fedha tu. Mahakama inapima shule, afya, usalama, nani amekuwa akimlea, na mara nyingi mtoto mwenyewe anasikilizwa.

Simama hapo: usisaini hati ya kiapo wala makubaliano ya nje ya mahakama kwa kutegemea tafsiri ya mtu wa steshenari, nikiwemo mimi. Kwa asiye na uwezo wa wakili, Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

## Dalili: programu ya kutafsiri imeandika "katika riba ya muda"

Mashine huchagua maana inayoonekana mara nyingi, na sentensi fupi haiipi majirani wa kutosha. "In the interest of time" ni "ili kuokoa muda". "In the public interest" ni "kwa maslahi ya umma". "Vested interest" ni mtu mwenye lake jambo. "He paid me back with interest", ikiwa habari ni ya ugomvi, ni kwamba alilipiza zaidi ya alivyotendwa. Na "special interests" za ibara ya 97 ya Katiba ya Kenya, zinazowakilishwa na wabunge 12 wa kuteuliwa, ni makundi maalumu kama vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi. Aliyetafsiri "riba maalumu" aliiwekea mashine sentensi nusu.

Ipe mashine aya nzima badala ya mstari, kisha tafuta "riba" katika ilichotoa na uulize kila mahali: kuna fedha hapa? Kama hakuna, futa.

Simama hapo kwa nyaraka za uhamiaji, mirathi, mahakama na mikopo mikubwa. Mpelekee mfasiri karatasi zote, usimpigie picha mstari mmoja uliokusumbua. Mikataba mingi ina ukurasa wa ufafanuzi mwanzoni, ambako "Interest" yenye herufi kubwa imepewa maana yake ya humo ndani tu, na maana hiyo ndiyo inayotawala hadi ukurasa wa saini, hata kama kamusi yako inasema vingine.